Mtaa Uliokuwa Ndani ya Kompyuta ya Bi Chapa

"Bi Chapa wako anauza siri za watu," muuza mkaa aliniambia asubuhi ile, mimi nikiwa na kibanio mdomoni na nepi mkononi. "Usije ukasema sikukwambia. Kama ana karatasi yako, kaichukue kabla hujaisikia bombani."

Nikatoa kibanio. "Nani kasema, shoga?"

"Nani hajasema? Barua ya mke wa seremala imesomwa getini kiwandani, watu wanne wamesimama wanasikiliza. Na huyo aliyesoma wanasema si msomaji wa maana, kila mstari anaurudia mara mbili. Si bora angesoma mara moja ikaisha?" Akacheka, kisha akaacha alipoona mimi sicheki. "Lakini kweli, mama mtoto. Mtu kakaa na mambo ya mtaa miaka yote hiyo, leo kaamua kuyamwaga. Binadamu!"

Akabeba debe lake akalipeleka neno nyumba ya pili. Mimi nikabaki na kamba ya nguo. Nilijua barua ile ilivyofika getini. Nilikuwepo tangu mwanzo, na mwanzo wenyewe ulianzia kwangu.

Bi Chapa ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Jina hilo alipewa na mtaa kwa sababu ya kazi yake, kupiga chapa. Alipiga chapa ofisi ya maji miaka thelathini na mmoja, kwanza kwa mashine ile ya kugonga, baadaye kwa kompyuta. Walipofunga chumba cha wapiga chapa, walimpa kompyuta moja aondoke nayo. Siku hiyohiyo ilikuwa imeshazeeka. Akaiweka kwenye meza ya dirishani, pembeni akaweka printa, na mbele akaweka kiti cha wateja chenye mguu mmoja mfupi. Ukikikalia lazima ukae kwa adabu, la sivyo unajikuta chini.

Watu walimpenda kwa kitu kimoja: alikuwa hasemi. Ukija umeandikiwa barua ya kufukuzwa kazi, anakuandikia ya kuomba kurudi, na ukikutana naye njiani anakusalimia kama hajui lolote. Mume akija asubuhi na mke akija mchana, kila mmoja na lake, hakuna atakayejua mwenzake alipita.

Mimi nilianza kwenda kwake nilipojifungua. Chumba chetu hakina dirisha la maana, chake kina hewa. Nilikuwa nakaa kwenye mkeka nyuma yake, nanyonyesha, yeye anafanya kazi. Shule nimeishia ya msingi, kompyuta sijawahi kuigusa, lakini kutazama hakuhitaji cheti.

Nikaona namna anavyofanya. Kule ofisi ya maji, aliniambia, ukutani kulikuwa na visanduku vya mbao, kila idara na kisanduku chake. Hakuwa anasoma vibandiko. Mkono ulijua wenyewe: hiki cha mabomba, hiki cha mishahara, kile cha mkubwa. Basi alipoanza kazi nyumbani akapanga vilevile kwenye kioo cha kompyuta. Kila nyumba ya mtaa wetu ilikuwa na folda yake, na kila folda aliiburuta akaiweka pale nyumba ilipo. Nyumba ya kona juu kabisa mkono wa kushoto. Ya mlango wa bati chini yake. Ya seremala upande wa pili, inatazamana na ya mlango wa bati kama zinavyotazamana kweli. Katikati aliacha nafasi tupu kutoka juu hadi chini, hiyo ndiyo barabara. Hata bomba la maji lilikuwa na mahali pake, hapo hakuweka kitu.

Folda hizo hazikuwa na majina. Kompyuta ukiiambia itengeneze folda huipa jina lake yenyewe: folda mpya, folda mpya mbili, folda mpya tatu. Yeye aliziacha hivyohivyo mpaka arobaini na sita.

"Mbona huziandiki majina, Bi?" nilimuuliza siku moja.

"Majina ya nini? Wewe nikitaka kuja kwako nasoma jina mlangoni?"

Nikacheka. Ilikuwa kweli.

Lakini nikaona na mengine. Akimimina chai, kidole gumba kilikuwa kinaingia kidogo ndani ya kikombe, chai ikimgusa anaacha. Akitaka kunitazama usoni aligeuza kichwa pembeni, kama kuku anavyotazama punje. Siku moja mtoto alijipaka chai na mkate mpaka kwenye nyusi. Bi Chapa akamwinua, akamweka mbele ya uso wake, akasema, "Leo mtoto kapendeza, kaoga huyu!" Nikadhani ni mzaha. Nikasubiri acheke. Hakucheka.

Kupiga chapa hakumsumbui, vidole vyake havijawahi kuhitaji kutazamwa. Akimaliza barua anamgeuzia mteja kioo: "Soma mwenyewe, kwa sauti, kama kuna kosa niambie." Wateja walidhani ni heshima. Nami nilidhani hivyo, mwanzoni.

Kijana wake anaendesha magari ya mizigo, anakaa mji mwingine na mke na watoto. Alikuwa anapiga simu kila Jumapili. Mara moja nilisikia Bi Chapa akimwambia, "Naona vizuri tu, baba. Hata sindano natunga." Huku anasema, mkono wake mwingine unapapasa ukuta kutafuta swichi. Alipokata simu akaniambia, bila kunigeukia, "Kijana wangu ana maneno. Akisikia kwa mtu kwamba mama yake anapapasa, kesho yake atakuja kunifungia mizigo. Nikakae sebuleni kwa mkwe, niulizwe kama nimekula. Mimi hapa nina meza yangu."

Hakusema kwamba anapapasa. Alisema akisikia kwa mtu. Nikaelewa, nikafunga mdomo.

Sasa cheti cha mtoto. Kliniki waliniambia maombi ya cheti cha kuzaliwa siku hizi ni ya mtandaoni, karatasi hawapokei. Nikaenda kwa Bi Chapa. Akafungua ukurasa wa serikali, ukaja nusu, ukasimama, kukatokea maandishi.

"Nisomee," akasema, "nimeacha miwani."

Miwani hana. Nikasoma taratibu, silabi kwa silabi: "Mfumo wa kompyuta yako ni wa zamani na hautumiki tena. Tafadhali weka mfumo mpya."

Wiki hiyohiyo watu watatu walikuwa wamerudi mikono mitupu, mmoja na fomu ya shule, wawili na za kazi. Wote walikwenda duka jipya la karibu na stendi, lenye kompyuta sita na kijana anayetafuna bazoka.

"Mtandao ukinikataa," alisema, "nitabaki na barua za rambirambi tu. Na hizo siku hizi watu wanatumiana kwenye simu." Akapapasa kichwa cha mtoto. "Huyu hatanyimwa cheti kwa ajili ya mashine yangu. Niitie fundi redio."

Fundi redio ni mtu mzima, ana mvi, anatengeneza kila kitu kinachotumia waya ingawa jina lilibaki la redio. Alikuja asubuhi baada ya chai. Akafungua sanduku la kompyuta, akapuliza vumbi, tukapiga chafya wote watatu na mtoto wa nne.

"Dada, humu mtu angeweza kupanda viazi," akasema.

"Panda, tutagawana."

Akajaribu kuweka mfumo mpya kwa njia ya kawaida. Mashine ikafikiri, ikaandika kitu.

"Inasemaje?" Bi Chapa akauliza.

"Inasema imezeeka, haikubaliki."

"Nani kazeeka, mimi au yeye?"

"Leo ni yeye," fundi akasema. Wakacheka sana.

Kisha akaeleza. Mfumo mpya unataka kompyuta iwe na kidude fulani kidogo cha kulinda milango yake, na hii ilitengenezwa kabla vidude hivyo havijawa vya lazima. Wenye mfumo wameamua zisizo nacho zibaki nje. Lakini mafundi wana njia. Unatengeneza flashi yenye mfumo uleule, ila unaifundisha isiulize maswali hayo.

"Tunaipitisha mlango wa uani," alisema. "Ila sikufichi, dada. Ikishaingia hivyo, wenyewe hawaitambui. Ikiugua hakuna wa kumlalamikia, ni mimi na wewe."

"Nimezoea," Bi Chapa akasema. "Vitu vyangu je?"

"Mfumo wa zamani lazima niufute wote, mpya haukubali kukaa juu yake. Lakini vitu vyako nanakili kwanza kwenye flashi yangu, halafu navirudisha. Hakipotei hata kimoja, nakula kiapo."

Alivinakili. Akahesabu kwa sauti, folda arobaini na sita, Bi Chapa akaitikia arobaini na sita. Ndipo akafuta.

Mimi nilikuwa nimekaa mkekani na kioo nakiona. Niliuona mtaa wetu kwa mara ya mwisho, nyumba huku na huku na barabara katikati, halafu kioo kikawa cheusi. Wazo halikunijia. Hadi leo najiuliza kwa nini halikunijia. Nina simu yenye kamera, ilikuwa pajani kwangu, nilikuwa nampiga picha mtoto akipiga chafya.

Kazi ilikwenda mpaka mchana. Asilimia kumi, asilimia kumi na mbili, inazima, inawaka. Mara moja ilizima ikakaa hivyo muda mrefu mpaka fundi akavua kofia. Bi Chapa alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, mikono mapajani, kama mtu aliyempeleka ndugu yake kupasuliwa. Kila baada ya kitambo anauliza, "Imefika ngapi?" Ilipofika mwisho ikawaka na picha mpya, ziwa la buluu na milima nyuma yake, ukaona hata chumba kimepata mwanga.

"Haya, dada! Kama imetoka dukani." Fundi akarudisha folda zake. "Arobaini na sita. Hesabu mwenyewe."

Bi Chapa akahamia kiti chake. Akageuza kichwa pembeni kama kawaida yake. Akanyoosha kidole mpaka kikagusa kioo, juu mkono wa kushoto, kikashuka kidogo, kikavuka kwenda kulia. Huko hakukuwa na kitu, ni milima tu. Folda zote zilikuwa zimejipanga zenyewe kushoto, safu kwa safu, zimebanana, kama watoto wa shule mstarini.

"Usiguse, dada, hii si simu," fundi akatania.

"Barabara iko wapi?" Bi Chapa akauliza. Sauti ilikuwa ndogo.

"Unataka picha ya barabara? Nikuwekee, zipo nzuri."

Nilikuwa nimeshaelewa. Angeweza kumwambia, fundi, zilivyokaa zamani ndivyo nilivyozijua. Lakini fundi angesema, mbona zote zipo, fungua tu usome ya nani ni ipi, uzipange upya. Na hapo angetakiwa kusoma.

"Hapana," akasema. "Acha ziwa. Limependeza."

Fundi akaondoka anapiga mluzi, na hana kosa, kazi aliyoitiwa aliifanya. Ukurasa wa serikali ulifunguka palepale. Mimi nikasoma maswali, Bi Chapa akapiga chapa, na printa ikatoa karatasi yenye jina la mwanangu limeandikwa vizuri, herufi zote. Nilifurahi mpaka nikasahau kumtazama usoni.

Siku zilizofuata nilimwona akijaribu kuzijua folda upya. Anafungua moja, anasogeza uso mpaka pua inakaribia kioo, anageuka kushoto, anageuka kulia, anaifunga. Ningesema, "Bi, nikusomee?" Sikusema. Niliona nikisema nitakuwa nimemwambia najua, na hilo ndilo alilokuwa analikimbia. Nikaiita heshima. Sasa naona ulikuwa woga.

Jumanne akaja fundi bomba wa mtaani kwetu. Alitaka nakala ya barua yake ya kuomba kazi kiwandani, ile aliyoiandikisha mwezi uliopita, na nje kuna gari linampigia honi.

"Upesi, Bi Chapa, lifti inaniacha!"

"Soma kwanza..."

"Si niliisoma siku ile? Mimi nakuamini, bwana!"

Nilikuwa mlangoni namtuliza mtoto, analia meno. Nilimwona Bi Chapa akihesabu kwa kidole, moja, mbili, tatu kwenda chini, akavuka safu, akafungua. Akageuza kichwa. Akasita. Honi ikalia. Akabonyeza, printa ikatoa, akakunja karatasi mara tatu, akaitia bahasha, akampa kwa mikono miwili kama anavyompa kila mtu.

Haikuwa folda ya fundi bomba. Ilikuwa ya nyumba ya seremala.

Mke wa seremala ni mtu wa kimya, ana sauti ya kuombea chumvi. Kumbe kabla ya kuolewa hapa aliwahi kuwa na mume mwingine, na watoto wawili, na watoto wakabaki kwa baba yao. Seremala alikuwa hajui. Mkewe alikuwa anamwandikia yule baba aruhusiwe kuwaona, hata kwa mbali, hata shuleni wakitoka. Hakuna mtu aliyejua hapa mtaani zaidi ya Bi Chapa. Kule kiwandani karani wa getini akafungua bahasha, akaanza kwa sauti, "Baba wa watoto wangu," na fundi bomba badala ya kumpokonya akacheka na wengine. Kabla jua halijazama habari ilikuwa imeshafika bombani, na kutoka bombani ikafika kwa seremala.

Ndiyo sababu asubuhi ile, muuza mkaa alipogeuka, niliacha nepi ndani ya beseni, nikamweka mtoto mgongoni, nikaenda.

Bi Chapa alikuwa amekaa mbele ya kompyuta, haijawashwa. Alikuwa ameshaambiwa, sikuhitaji kuuliza. Nikamwamkia, akaitikia. Sijakaa bado, tukasikia hodi.

Alikuwa mke wa seremala. Alisimama kizingitini, hakuingia. Alivaa viatu vya safari na mkononi ana mfuko wa nguo. Macho yalikuwa yamevimba.

"Sikuja kugombana, Bi Chapa," akasema. "Wala sikuja kukulaumu. Nimekuja kuuliza tu, kabla sijaenda. Nilikukosea nini?"

Bi Chapa akafungua mdomo. Niliona neno likipanda. Vidole vyake vilikuwa mezani, vinagongagonga kama vinatafuta herufi. Nikasema moyoni, sema, Bi, sema tu.

"Hukunikosea," akasema mwisho. "Ni makosa. Nisamehe."

"Makosa," yule mama akarudia. "Wengine wote hukuwakosea, ukanikosea mimi. Haya. Mungu akupe maisha marefu." Akageuka. Hakukuwa na hasira kwenye sauti yake, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Viatu vikasikika uani, tak, tak, vikaelekea njiani.

Bi Chapa akabaki ameelekeza uso mlangoni, kama bado amesimama mtu.

"Kashika nini?" akaniuliza.

"Mfuko."

"Wa sokoni?"

"Wa nguo, Bi."

Akainamisha kichwa. Nikamsikia anavuta pumzi, anaiacha, anavuta tena.

"Wewe umejua tangu lini?"

Sikutaka kumdanganya. "Tangu siku mtoto alipojipaka chai uso mzima, ukasema kaoga."

Akacheka kidogo, kicheko kikakatika katikati. "Kumbe alijipaka." Akajifuta kwa ncha ya khanga. "Daktari aliniambia katikati ya macho pameshakufa, hapafufuki. Pembeni nako kunafuata, polepole. Nikasema basi, pembeni patanitosha, nina vidole na najua kila nyumba ilipo. Nikajihesabia miaka minne, mitano. Nimeleta fundi kwa mkono wangu mwenyewe akanifutia mtaa."

"Ni kwa ajili ya cheti cha mwanangu," nikasema. Machozi yalikuwa yananiponyoka. "Ni mimi, Bi."

"Acha hayo. Mtoto lazima awe na cheti." Akageuza kichwa kunitafuta kwa pembe ya jicho. "Kwa nini sikumwambia? Umeona? Neno lilifika hapa." Akashika koo. "Likarudi. Nimelificha mno, halijui tena pa kutokea. Na huyu anakwenda zake akiamini nilimuuza. Watoto kanyang'anywa, ndoa imevunjika, na mtu mmoja aliyemwamini naye kamuuza. Hilo la tatu si kweli, lakini atalibeba kama yale mawili."

Akasimama, akanyoosha mikono yote miwili mbele yake, hakuficha tena kwamba anapapasa. Ilinigusa begani, ikashuka mpaka kwenye fundo la mbeleko.

"Mtoto niachie, kumshika hakuhitaji macho. Wewe mkimbilie kabla hajapata gari. Mwambie sikumuuza. Mwambie sioni. Na usimnong'oneze, binti yangu, sema watu wasikie, muuza mkaa asikie, mtaa mzima usikie. Kijana wangu akipata habari na azipate, aje na kamba zake afunge mizigo. Nisemee. Mimi mdomo umekataa."